Kisima cha chumvichumvi na samaki wa maji laini: je, ninunue mashine ya RO?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Naishi Langoni, Lamu. Nina tangi la samaki la kama lita 100, urefu wake sentimita 80 na upana 35, nalo nalitilia maji ya kisima cha nyumbani. Maji yenyewe yana chumvichumvi, na kioo kimefanya ukoko mweupe pale juu maji yanapoishia. Gapi na moli wanazaana hata nawagawia majirani, lakini neon tetra ninaowaagiza Mombasa hufa siku ya pili au ya tatu. Maji hupungua vidole viwili kwa wiki, nami huongeza. Muuzaji ameniambia ninunue mashine ya RO, ile ya kuondoa chumvi katika maji, niiunganishe na tangi la paani, basi taabu imekwisha. Je, ninunue? Na baadaye naweza kuichujia maji ya bahari?

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Umeuliza vizuri, na jibu lenyewe umelitia ndani ya swali bila kulitazama mara mbili: maji hupungua vidole viwili kwa wiki, nawe huongeza.

Tuanzie hapo, mashine ingoje. Vidole viwili ni kama sentimita tatu na nusu. Kwa tangi la urefu na upana huo, hizo ni lita 10 hivi. Lita 10 zilizopaa ni maji matupu. Chumvi, chokaa na madini yote yamebaki ndani, na kidogo yamegandia kioo, ndio huo ukoko wako. Sasa tuseme kisima chako kina miligramu 1,500 za chumvi na madini kwa kila lita, jambo lisilo la ajabu kwa kisima cha mji uliokaa kando ya bahari. Lita 10 unazoongeza zinaingia na gramu 15 za chumvi. Zikitawanyika katika lita 100, kila lita imezidi miligramu 150. Wiki ijayo tena 150. Baada ya wiki kumi maji uliyoanza nayo kwa 1,500 yamefika 3,000, na wewe huoni tofauti kwa macho, maana maji bado yanang'aa. Ni sawa na chungu cha mchuzi kinachochemka bila kifuniko, nawe kila kikipungua unaongeza mchuzi uliokwisha tiwa chumvi. Kuyabadilisha maji mara kwa mara hupunguza mwendo wa jambo hili, lakini ukibadilishia maji ya kisima hicho hicho, chini ya 1,500 hushuki kamwe.

Gapi na moli hawajali. Moli huishi hata kwenye midomo ya mito panapoingia maji ya bahari, na hao wa kwako wamezaliwa ndani ya chumvi hiyo. Neon tetra asili yake ni vijito vya Amazon, maji laini mno, yaani yenye madini machache. Hata wale wanaozalishwa kwenye mashamba ya samaki, waliozoea maji ya kawaida, hawawezi kutolewa kwenye mfuko wa dukani na kumwagwa ndani ya 3,000 kwa nusu saa. Samaki wa maji baridi mwili wake umezoea kuyatoa maji yanayomwingia kupitia matamvua na ngozi. Ukimtia ghafla kwenye chumvi nyingi, hesabu yote ya mwili inampindukia, naye anadhoofika siku moja, ya pili anazama. Ugonjwa haupo, dawa hutaipata dukani.

Sasa mashine. Osmosisi ya kawaida ni hii: ukitenganisha maji matamu na maji ya chumvi kwa utando unaopitisha maji tu, maji matamu yataelekea upande wa chumvi yenyewe. Ukiusukuma upande wa chumvi kwa presha kubwa kuliko mvuto huo, maji yanarudi kinyume, na chumvi inabaki nyuma; hiyo ndiyo RO, osmosisi ya kinyume. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan ndio waliotengeneza utando wa kwanza wa kutumika kweli kwa kazi hii, kule California, mwishoni mwa miaka ya 1950. Huna haja ya kwenda mbali kuona kazi yake: Kiunga, juu hapo mpakani, mtambo wa nguvu za jua wa shirika la GivePower umekuwa ukitoa maji ya kunywa kwa njia hii tangu 2018. Ule wa jikoni ni mdogo wake.

Utando mzima, wenye presha ya kutosha, huzuia kama sehemu 95 kati ya 100 za chumvi, na mwingine zaidi. Kwa kisima cha 1,500 tegemea maji ya 60 au 75. Gesi hazizuiliki sana, hupita. Hilo nitalirudia.

Hapa ndipo muuzaji alipokosea, au alipoona uvivu kueleza. Tangi la paani halitoshi. Kila mita 10 za kimo hukupa presha ya bar 1. Nyumba yako ikiwa na ghorofa mbili na mashine ikakaa chini, toka tangi hadi mashine ni mita 8, yaani bar 0.8. Maji ya 1,500 yenyewe yana mvuto wa kurudi nyuma wa kama bar 1.1. Umeona? Mvuto unaushinda msukumo. Utafungua bomba, utangoja mpaka adhana ya alasiri, na cha maana hutapata. Mashine hizi zinataka bar 4 hivi. Kwa hiyo kama utanunua, nunua pamoja na pampu yake ndogo ya kuongeza presha, ile ya volti 24, na saa ya presha ionekane. Mtu asiye na saa ya presha kwenye mashine yake anabahatisha tu.

Na usiyaamini sana maandishi ya kwenye boksi. Ikiandikwa galoni 75 kwa siku, ni lita 284, lakini zimepimwa kwa maji yenye chumvi kidogo, nyuzi 25 za joto na presha kamili. Kwako maji ni ya moto zaidi, jambo linaloongeza kiasi kidogo, na chumvi ni nyingi, jambo linalopunguza. Hata ikitoa nusu yake bado ni nyingi mno kwa tangi lako, maana hesabu yako ya wiki ni lita 10 za kufidia yaliyopaa na kama lita 20 za kubadilisha. Lita 30 basi. Mashine kubwa kuliko hiyo ni pesa za bure.

Lita 30 hizo zina bei yake nyingine. Kwa kila lita moja safi, mashine ndogo inamwaga tatu au nne. Ni lita 90 hadi 120 kila wiki. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni bili. Kwa sisi wa kisiwani, ambao maji matamu ya mji yanatoka kwenye visima vya michanga ya Shela, na chini ya maji hayo bahari inangoja nafasi, mimi naona aibu kuyaacha yaende mferejini. Yakusanye. Hayo yanayomwagwa yatakuwa na 2,000 hivi, hayafai kunyweshea asumini wala mchicha, lakini yanafaa choo na kuoshea daka na ukumbi. Usije ukakibana kile kizuizi cha mrija wa maji taka ili upoteze kidogo. Maji ya kisima cha mwamba wa matumbawe yana chokaa nyingi, na ukiyabana chokaa itaganda juu ya utando, uwe umeua kitu cha ghali kuokoa kitu cha rahisi.

Utando una maadui watatu. Wa kwanza klorini. Tando za siku hizi ni za poliamidi, na klorini inazila. Ndiyo maana kabla ya utando huwekwa kichujio cha mkaa. Utaniambia kisima chako hakina klorini. Leo hakina. Siku kipindupindu kikitajwa, watu watapita na dawa nyumba hadi nyumba, au mama mwenyewe atamwaga kifuniko kimoja kisimani kwa nia njema. Mkaa ubaki mahali pake, na siku hiyo funga mashine mpaka harufu iishe. Adui wa pili ni matope na kutu, na hao dawa yao ni kichujio cha matope mbele ya vyote. Kikibadilika rangi au presha ikishuka, badilisha bila kuhesabu miezi. Wa tatu ni kukauka. Utando uliokwisha lowa usikauke tena, kwa hiyo ukisafiri kwenda Mombasa mwezi mzima, uache na maji yake ndani. Maji ya mwanzo mwanzo ya utando mpya yamwage, yana dawa ya kuhifadhia.

Haya, umepata jirikani ya maji safi. Sasa sikiliza kwa makini, maana wengi huua samaki hapa, baada ya kugharimika. Maji ya RO matupu hayafai kukaa na samaki. Hayana kalsiamu, hayana magnesiamu, na hayana ule ugumu wa kaboneti, KH, unaoishikilia pH, kipimo cha asidi ya maji, isianguke. Samaki anakula, anachafua, bakteria wa chujio wanageuza amonia kuwa nitreti, na kazi hiyo inazalisha asidi. Kwenye maji ya kisima chako asidi hiyo inamezwa. Kwenye maji matupu haina wa kuimeza. pH inaporomoka, bakteria wanalala, amonia inapanda. Na ukiipima pH ya maji ya RO yaliyotoka sasa hivi, ukakuta 5.5 au 6, usishtuke wala usitie kitu kuirekebisha: ni hewa ya kaboni iliyopita kwenye utando, haina uzito wowote.

Dawa rahisi kwako iko kisimani. Changanya. Kisima chako kikiwa 1,500 na RO ikiwa 60, lita 13 za kisima ndani ya lita 87 za RO zitakupa lita 100 zenye 250 hivi. Hapo tetra anatulia. Lakini kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yote yaliyoyeyuka, kinahesabu jumla tu, hakikwambii kama ni chumvi ya bahari au chokaa. Kwa hiyo uwe na dawa za matone za kupimia KH na GH, huo ugumu wa kalsiamu na magnesiamu. Mchanganyiko ukikupa KH ya digrii 3 au 4 na GH ya 4 hadi 6, umefika. KH ikiwa pungufu, gramu 3 za bikaboneti ya soda katika lita 100 hupandisha digrii moja. Namaanisha ile ya kuokea keki. Magadi usiyaguse; ni makali, yatairusha pH juu. Chokaa ya ukutani ndiyo kabisa, hiyo inaua. Ukitaka njia ya polepole, mfuko mdogo wa kokoto za matumbawe mafu ndani ya chujio huyeyuka wenyewe kwa kadiri maji yanavyolainika. Matumbawe hai waachie bahari.

Kitu kimoja kuhusu visima vya mji wenyewe. Nyumba zimebanana, na shimo la choo haliko mbali na kisima. Pima nitreti ya maji ya kisima kabla ya kuyachanganya. RO inapunguza sehemu kubwa ya nitreti, lakini zile lita 13 hazikupita kwenye mashine. Ukikuta nitreti iko juu, acha kuchanganya, tia chumvi maalumu za GH na KH zinazouzwa kwa wafugaji wa samaki.

Sasa, tangi lililofika 3,000 hulishushi kwa siku moja. Gapi wako wamezoea chumvi, ukiwamwagia maji laini ghafla utawafanyia lile lile walilofanyiwa tetra, kinyume chake. Toa lita 10, rudisha lita 10 za RO, kila baada ya siku mbili. Kila mara unapunguza sehemu moja ya kumi ya kilichobaki, kwa hiyo mwanzo inashuka haraka kisha inakuwa nzito. Kutoka 3,000 hadi kama 500 ni mabadilisho 18, ni wiki tano na ushee. Ukifika hapo ndipo uanze maji yaliyochanganywa. Tetra wapya waje baada ya hapo, na mfuko wao uufungulie ndani ya ndoo, uwadondoshee maji ya tangi tone tone kwa saa moja au zaidi.

Hayo yote nimekueleza kwa sababu umeuliza mashine. Lakini mimi ningekuwa wewe, na tangi ni moja tu la lita 100, nisingeinunua mwaka huu. Ningenunua mapipa mawili ya plastiki ya lita 200, yale ya kuhifadhia chakula, yenye vifuniko. Fanya hesabu nami: lita 30 kwa wiki, kiangazi cha miezi mitatu, ni lita 390. Mapipa mawili yanakuvusha kutoka mvua hadi mvua, vuli hadi masika, na masika yenyewe yakija huna shida, Mei peke yake itayajaza ukiwa umelala. Maji ya mvua ni mepesi karibu sawa na ya RO, hayataki umeme, hayamwagi lita nne kupata moja. Watu wa visiwa vyetu wamejenga majabia, yale matangi ya kukingia mvua, kwa sababu hiyo hiyo. Na kufuga samaki ndani ya nyumba si mambo mageni hapa: birika za kuwekea maji za nyumba za kale zilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu.

Mvua ina masharti yake. Paa la mabati mapya lisilopakwa rangi hutoa zinki, nayo ni sumu kwa samaki, hasa katika maji laini. Makuti hutoa maji ya rangi ya chai. Tetra huyapenda, wewe utayachukia. Paa bapa la chokaa au saruji linayapa maji ugumu kidogo, na hilo kwako ni faida, hutahitaji sana kuchanganya, pima tu. Maji ya mwanzo wa kila mvua yaache yapite, yameosha vumbi na kinyesi cha kunguru, na wakati wa kusi yameosha pia chumvi ya bahari inayopeperushwa juu ya mapaa. Ikiwa paa lako ni la mabati mapya, au una nia ya kuongeza matangi mengine, hapo mashine nakubaliana nayo.

Maji ya bahari: hapana. Bahari ina kama miligramu 35,000 kwa lita na mvuto wake wa kurudi nyuma ni bar 27 hivi. Mitambo ya kuyachuja husukuma kwa bar 55 na kuendelea, kwa pampu ambayo hutaiweka jikoni. Kama ndoto yako ni tangi la samaki wa bahari, maji yake unayo bure: nenda upande wa Shela unaoelekea bahari kuu, maji yamejaa, mbali na gati na mifereji, chota. Ya RO au ya mvua hapo ni ya kufidia yanayopaa tu. Na samaki wake ni mazungumzo mengine; ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, tangu 1968, hutoi kitu.

Kwa sasa nunua kipimo cha TDS tu, ni kidogo kama kalamu. Pima maji ya tangi. Kisha pima kisima mara mbili, wakati wa bamvua bahari ikiwa imejaa, halafu tena wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, kwa sababu visima vya karibu na pwani hubadilika na bahari na namba moja itakudanganya. Nipe namba zote tatu, na unieleze paa lako ni la nini.